Fahali na Bibi Arusi: Neno Likishatoka Kikaoni

SEHEMU YA TISA

Tulimwacha Nasike sebuleni Matisi, kidole juu ya swichi, macho ameyafumba. Fumbua macho, dada. Umeshabonyeza.

Bibi Arusi, ile amplifaya ya zamani, akawaka. Valvu zake, vile vioo virefu vya mgongoni, zikaanza kupata rangi pole pole, zikawa kama makaa yanayopulizwa. Nasike akakwaruza uzi wa gitaa la marehemu babake.

Ikatoka sauti ya ng'ombe mgonjwa.

"Ndiyo hiyo?" Derrick akauliza.

"Siyo."

"Ngoja ipate joto kidogo."

"Imepata joto, Derrick. Sikiza."

Akakwaruza tena. Sauti ikatoka inaburuta miguu, nene, imejaa usingizi. Kule nje kulikuwa na mngurumo wa mashine fulani ya mtaani, lakini nani husikiliza nje wakati anatafuta sauti ya mzazi wake?

Kwenye kochi, bwana mmoja mwenye koti la ngozi akatikisa kichwa kwa huruma. Huruma ya kununua. Huyo ndiye Ngige.

"Imechoka, dada," akasema. "Hizi vitu ni kama watu. Zinazeeka."

Kama gazeti la wiki jana ulifungiwa sukari dukani, mambo yako hivi. Mzee Wakhungu alipiga gitaa Bungoma na Kitale mpaka kifo kilipomkuta. Aliacha nyumba mbili, yaani wake wawili, na amplifaya mbili za zamani za valvu. Iliyoko Bungoma, pale Kanduyi kwa nyumba kubwa, inaitwa Fahali: sanduku la chuma la kijani, zito, lenye makovu. Iliyoko Kitale, hapa Matisi kwa nyumba ndogo, ndiyo Bibi Arusi: rangi ya maziwa, kitambaa cha dhahabu usoni, haina hata mchubuko.

Baada ya mazishi ukoo ulikaa lufu, kile kikao ambapo Wabukusu hunyoa nywele na kugawana mali ya marehemu. Ng'ombe walikuwa rahisi. Shamba lilikuwa rahisi. Amplifaya ziliwashinda wazee. Wakaamua nyumba kubwa ichague moja, nyingine iende nyumba ndogo. Na kwa kuwa Nasike peke yake ndiye ajuaye gitaa, aende akazisikilize zote mbili, kisha atoe neno kwa simu, leo, wazee wakiwa wameketi.

Neno moja tu. Katika ukoo wa Wakhungu, anayesema mara mbili kwenye lufu ni kama amemwita marehemu arudi kuamua mwenyewe. Na hakuna anayetaka marehemu arudi.

Kwa nini Nasike anahema hivyo? Kwa sababu Alhamisi ya kwanza alipopanda jukwaani Bungoma mahali pa babake, mlevi mmoja alisimama katikati ya wimbo akapaza sauti: "Gitaa ni lile lile. Sauti wameizika!" Watu walicheka. Yeye hajalala vizuri tangu siku hiyo.

Sauti ya babake imo katika sanduku moja kati ya haya mawili. Atakaloliacha litakwenda kwa Noah, kaka yake wa nyumba ndogo. Na Noah ameshapeana mkono na Ngige, anayenunua vitu vya zamani na kuvipeleka ng'ambo.

Akichagua vibaya, sauti ya babake inapanda ndege.

Sasa tuendelee.

"Usiamue kwa sikio peke yake," Derrick akasema. Alikuwa amepiga magoti nyuma ya Bibi Arusi, tochi mdomoni, matako yanatazama wageni. Derrick hukodisha vyombo vya muziki kwenye matanga na harusi, na ndiye aliyemleta Nasike kwa pikapu yake. "Hii ni safi, Nasike. Safi ajabu. Transfoma ni ile ile ya kiwandani. Hata skrubu hazijawahi kuguswa na bisibisi mbaya."

"Na Fahali?"

"Fahali? Fahali transfoma yake iliungua, ikafungwa waya upya na fundi wa Malakisi. Swichi ni ya jiko. Kishikio ni cha mlango. Ile kitu ilikuwa inatangazia wakulima bei ya tumbaku, haikuundwa kuimba. Ukienda kuuza, hii moja unapata Fahali nne."

"Nani amesema nauza?"

"Nasema tu thamani."

"Wewe thamani yako iko kwa skrubu. Yangu iko kwa masikio."

"Lakini kitu kikiharibika, si utatafuta skrubu?"

"Derrick, wewe uko upande wa nani?"

"Upande wa ukweli, bana!"

Noah akacheka mlangoni. Kijana mrefu, jezi ya mpira, meno mazuri ambayo ameyatumia vibaya tangu utotoni. "Wapendwa, msipigane kwa nyumba ya watu. Siste, si umesikia na masikio yako? Kule Bungoma Fahali alilia aje?"

Nasike akakumbuka. Jana Fahali alinguruma mpaka vikombe vikahama mezani. Hakuwa mtamu. Alikuwa mkali, mbavu nje, kama mtu anayegomba. Lakini alikuwa hai.

"Alilia kama fahali," akasema.

"Haya. Na huyu?"

Huyu alikuwa anakoroma.

Pembeni, kwenye kigoda, alikaa mama mwenye nyumba, kichwa kimenyolewa, leso imemfika masikioni. Jina lake Linah, lakini Matisi nzima humwita Mama Noah. Tangu wageni waingie alikuwa amesema "karibuni" na "chai iko." Mengine aliyaweka.

"Mama Noah," Nasike akamwambia, "baba akiwa hapa ilikuwa inalia hivi?"

Mama Noah akafungua kinywa. Simu ya Nasike ikamtangulia.

Baba Mdogo Wamalwa.

"Weka kwa spika, siste," Noah akasema haraka. "Sisi pia ni watoto."

Akaweka. Sauti ya Wamalwa ikaingia na kikohozi cha wazee wote wa Kanduyi nyuma yake.

"Mayi, binti yangu, unanisikia? Ongea juu, simu inaleta kerere."

"Nakusikia, Baba Mdogo."

"Wazee wamekaa tangu asubuhi. Wengine wametoka mbari sana, na mvua imefunga huku upande wa Chwele. Umesikiriza?"

"Nimesikiliza. Lakini naomba muda kidogo…"

"Muda wa nini? Ni ndoa?"

Wazee wakacheka simuni. Ngige pia akacheka, na hata hakuelewa.

"Baba Mdogo, kuna kitu hakikai sawa. Hii ya Kitale nimeijua tangu niko mdogo. Haijawahi…"

"Mayi. Hapa kuna wazee walitaka kijana ndiye achague. Mimi nikasimama nikasema, huyu msichana ana masikio kuliko vijana wote wa hii boma. Usiniaibishe. Sema."

Hapo ndipo walipomshika. Si kwa nguvu, kwa heshima. Nasike angeweza kumkatalia mtu anayemdharau siku nzima bila kuchoka, lakini aliyemtetea? Akamtazama Derrick. Derrick akaonyesha Bibi Arusi kwa kidevu. Akamtazama Noah, naye Noah akawa anatazama kucha zake. Akakwaruza uzi mara ya mwisho.

Ng'ombe akakoroma.

"Fahali," Nasike akasema. "Nyumba kubwa inachukua Fahali."

"Fahali?"

"Fahali."

Kule Kanduyi makofi yakapigwa mara moja, kwa pamoja, kama mlango unaofungwa. Neno limepokelewa. Simu ikakatika.

Hesabu pumzi moja, msomaji. Moja tu.

Mngurumo wa kule nje ukanyamaza.

Taa ya dari, ambayo hakuna aliyekuwa ameiangalia, ikaruka kutoka manjano hadi nyeupe. Valvu za Bibi Arusi zikang'aa kama zimeamshwa kwa maji baridi. Nasike alikuwa anaweka gitaa chini, na pindo la blauzi yake likagusa nyuzi.

Mzee Wakhungu akaingia chumbani.

Siwezi kuisema vizuri zaidi ya hivyo. Ile sauti ya mviringo, yenye asali chini na mchanga kidogo juu, iliyotetemesha mikebe ya soda Kitale na Bungoma, ilijaza nyumba mpaka kwenye mabati. Kikombe kikamponyoka Mama Noah. Derrick akatema tochi.

"Mungu wangu," akasema. "Ni yeye."

Nasike alikuwa ameshatoka nje.

Hatua chache kutoka kwenye ukuta wa Mama Noah kuna kisiagi, mashine ya umeme ya kusaga mahindi. Mwenyewe ni Agneta, mama wa nguvu, mweupe kwa unga kutoka nyusi mpaka ndala. Alikuwa anafunga kamba ya gunia.

"Mama, ulikuwa unasaga?"

"Hapana, nilikuwa nafanya harusi. Wewe unaonaje?"

"Ukisaga, taa ya huku hushuka?"

Agneta akamtazama kama mtu aliyeuliza kama maji hulowanisha. "Msichana, wewe ni wa wapi? Hii laini yote ya Matisi nikiwasha mota, taa zinakuwa kama mishumaa. Hata televisheni zinanyauka. Kila mtu anajua. Marehemu ndiye alikuwa anakuja kuniomba, 'Agneta, nipe nusu saa nipige gitaa.' Nilikuwa nampa. Kuna mtu aliwahi kumnyima yule mzee?"

Nasike akageuka kuitazama ile nyumba. Yeye ni wa Kanduyi. Kwao kisiagi kiko mbali, kando ya reli. Likizo alizokuja huku utotoni, babake alipopiga gitaa mashine ilikuwa imeshanyamazishwa. Angejuaje? Lakini mtu mmoja mle ndani alikulia ukuta na ukuta na hii mashine.

"Na leo ulikuwa unasagia nani?"

"Yule mgeni wenu wa koti. Ameleta magunia mengi, akasema nisage pole pole, nisizime mpaka yaishe. Sasa ukanda umenikatikia katikati. Mwambie asinikasirikie."

Ngige! Hana shamba, hana kuku, hana hata sufuria Kitale, analala hotelini. Unga wa nini?

Nasike aliingia sebuleni kama jiwe lililorushwa.

"Noah!"

"Siste."

"Ulijua."

"Nilijua nini?"

"Umelala na hiyo kelele tangu uko na miaka miwili! Ulijua ikisaga hii kitu inakufa. Ukamwambia huyu alete mahindi!"

Noah akainua mikono, lakini tabasamu lilimsaliti. Lilitoka kabla hajaliita. "Ati mahindi sasa ni hatia? Mtu asile?"

"Biashara, dada," Ngige akasema akisimama. "Mimi sijagusa mtu. Nimesaga tu."

"Nampigia Baba Mdogo."

"Mpigie," Noah akasema. "Weka spika."

Akapiga. Akaeleza yote kwa pumzi moja: kisiagi, magunia, umeme, Ngige. Kisha Wamalwa akaongea pole pole, na safari hii hakuita mtu mayi.

"Nasike, nimeamini kira kitu umesema. Huyo kijana amefanya vibaya, na hiyo itakuwa maneno ya siku yake. Lakini makofi yamepigwa. Unataka nirudi kwa wazee niseme nini? Kwamba Wakhungu aamke?"

"Baba Mdogo, wamenidanganya!"

"Wamekudanganya. Na wewe umesema."

Akakata.

Noah hakungoja. "Ngige, waya iko hapo. Tubebe."

"Mtu asiguse!" Derrick akajitanua mbele ya sanduku, mwembamba kama ufagio. "Amplifaya ya valvu haibebwi ikiwa moto. Mtaiua."

"Ni yangu," Noah akasema. "Nikitaka naichemshia chai."

"Mwiteni mtu mwenye akili!"

"Mwenye akili ni wewe uliyekuwa unasifu skrubu? Toka hapo bana."

Nasike alisimama katikati ya chumba. Babake alikuwa pale, ndani ya kitambaa cha dhahabu, na alikuwa amemkataa kwa mdomo wake mwenyewe mbele ya ukoo mzima. Alhamisi ingekuja. Mlevi angesimama tena.

"Haikuwa sanduku," mtu akasema.

Wote wakageuka. Mama Noah alikuwa ameinama, anaokota vipande vya kikombe. Alisema akiwa ameangalia sakafu.

"Unasema nini, Mama?" Nasike akauliza.

"Baba yako alikuwa akifika hapa Ijumaa, kabla ya kunisalimia, anafungua mkoba. Anatoa kopo la maziwa ya unga limejaa vitambaa. Ndani ya vitambaa kuna valvu mbili kubwa. Anatoa zile za hii, anaweka zake. Jumapili jioni anachomoa, anazifunga tena, anaondoka nazo Bungoma anaziweka kwa Fahali. Hivyo kila wiki. Nilikuwa namwambia, wewe mzee unabeba hizo kuliko ulivyonibeba mimi."

Derrick akashika kichwa. "Ndiyo maana! Ndiyo maana Fahali jana alikuwa na kifua bila moyo. Nguvu ipo, utamu haupo. Nasike, tumekuwa tukilinganisha masanduku, na kumbe mzee alikuwa anatembea na sauti mfukoni!"

"Na sasa ziko wapi?" Nasike akauliza, ingawa masikio yake yalikuwa yameshamjibu.

"Ijumaa ya mwisho aliziweka hapo," Mama Noah akasema. "Jumapili hakuweza kusimama. Tulimpeleka hospitali. Nani angekumbuka valvu?"

Yote yakabadilika kwa mara nyingine. Nasike hakukosea! Fahali anatosha. Mpe Fahali zile valvu mbili, na Alhamisi mlevi wa Bungoma atakaa chini. Bibi Arusi aende zake ng'ambo na skrubu zake.

"Noah," akasema, na sauti yake ikalainika kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Chukua sanduku. Mpe Ngige. Mimi nipe hizo mbili tu. Derrick atawawekea nyingine, hata hamtajua."

Ilikuwa karibu. Naapa ilikuwa karibu sana. Noah si mtoto wa shetani. Ni mtoto wa Wakhungu, na ile sauti ilipojaza nyumba macho yake pia yalikuwa yamelowa. Akamtazama mamake. Akakuna shingo.

Lakini Ngige alikuwa ameshainama nyuma ya sanduku. Akasoma maandishi madogo kwenye kioo, na uso wake ukawa uso mwingine.

"Noah," akanong'ona. "Hizi hazitengenezwi tena. Kuna watu kule wanaziota usiku. Hizi mbili peke yake zinaweza kushinda hilo sanduku." Akanyooka. "Makubaliano yetu ni sanduku na vilivyomo. Ulinipa mkono."

"Si nilikuwa sijui…"

"Mkono ni mkono. Ama kwenu mnatunza neno kwa wazee peke yake?"

Hilo lilimchoma Noah mahali pasipofaa. Taya zikakaza. Akachomoa waya ukutani.

Rangi ikaanza kuzitoka valvu. Ngige akashika upande mmoja, Noah upande mwingine, Bibi Arusi akainuka kutoka sakafuni. Derrick akasukumwa, akaangukia kochi. Mlango ulikuwa wazi. Gari jeupe lilikuwa nje, buti imefunguliwa.

"Nasike, usiguse ndani!" Derrick akapiga kelele kutoka kochini. "Bado ina umeme, bado ina…"

Alishagusa.

Alipitisha mkono wa kushoto kwenye uwazi wa mgongoni, akakamata valvu ya kwanza kwa vidole vitupu, akaivuta. Kioo kilikuwa kimetoka kuwaka. Kulitokea sauti ndogo, kama ya vitunguu vinavyoingia kwenye mafuta. Hakupiga yowe. Akaitupa kwenye mfuko wa sketi yake, mkono ukarudi, akaivuta ya pili.

Sanduku likatua chini kwa kishindo.

"Mwizi!" Ngige akafoka. "Umeona? Mwizi!"

"Nasike, rudisha," Noah akasema. Alikuwa amefika mlangoni mbele yake, mgongo kwenye mbao, ufunguo umegeuka. Hakuwa anacheka tena. "Rudisha. Makofi yamepigwa. Ya Kitale ni yangu, na ndani yake ni yangu. Usinifanye nikushike."

"Nishike."

"Siste, usinijaribu."

"Nishike, Noah! Si umezoea kushika vya baba ukiuza? Shika na mimi uniuze!"

"Mwangalieni mkono," Derrick akasema kwa sauti ndogo. "Jamani, mwangalieni mkono."

Ncha za vidole vinne vya mkono wa kushoto zilikuwa nyeupe, na weupe huo ulikuwa unaanza kuinuka, kuwa malengelenge. Mpiga gitaa, msomaji, huzishika nyuzi kwa mkono huo. Kwa ncha hizo hizo.

Nasike akautazama kama mkono wa mtu mwingine.

"Basi tumuulize mwenye nyumba," Noah akasema. Alitaka kumaliza, jasho lilikuwa linamtoka. "Mama alimwona akiziweka. Mama, sema mbele ya huyu mgeni na huyu Derrick. Hizo valvu ni za nyumba gani? Ni za Bungoma ama ni za Kitale?"

Mama Noah akaweka vipande vya kikombe mezani, kimoja kimoja. Akafunga leso yake upya juu ya kichwa kilichonyolewa.

"Si za Bungoma," akasema.

Noah akashusha pumzi. Ngige akanyoosha mkono kwa Nasike.

"Wala si zako, Noah."

Mkono wa Ngige ukabaki hewani.

"Ni zangu. Hilo sanduku lilipotoka kwa klabu ya walowezi, valvu zake zilikuwa zimekufa. Nyinyi hamjazaliwa. Niliuza ndama wangu, ndama niliyepewa na baba yangu kule Kaptama, nikamtuma mtu Nairobi akazileta. Baba yenu akapiga usiku huo kwa mara ya kwanza, na mimi ndiye mtu wa kwanza duniani kusikia hiyo sauti." Akamgeukia Nasike. "Hiyo mliyokuwa mnacheza kule Bungoma kwa mama yako miaka yote, mkiita sauti ya Wakhungu. Ilikuwa inatoka kwangu kila Jumapili, na mimi nabaki na kimya."

"Mama," Nasike akasema. Neno "Noah" halikufuata safari hii. "Sikujua."

"Hukuuliza."

"Basi umpe Ngige, tumalize," Noah akasema, "ni zako, sema tu…"

"Nyamaza wewe. Umeleta mahindi ya uongo kwa mlango wangu, na matanga hayajaisha." Hakupaza sauti, hakuhitaji. "Na wewe bwana wa koti, kaa chini. Utajibiwa."

Ngige akakaa.

Mama Noah akamkaribia Nasike, akatoa valvu mfukoni mwake kwa pindo la leso, moja baada ya nyingine, akampa Derrick.

"Zirudishe ndani. Washa."

"Mama, kwa nini…" Nasike akaanza.

"Kulikuwa na wimbo alikuwa ananipigia mimi. Hakuupiga bendini. Hakuupiga Bungoma. Ulikuwa unapita chini ya mlango wakati wewe ni mtoto umelala hapo nyuma likizo za Agosti, na najua ulikuwa unasikia, maana asubuhi ulikuwa unaunguruma nao ukiosha vyombo." Akavuta kigoda, akakaa mbele ya kitambaa cha dhahabu, magoti yamegusana. "Upige. Wote, mpaka mwisho. Nikisikia ni yeye, chukua valvu uende nazo, na hakuna mtu wa lufu wala wa koti atakayekufuata. Nikisikia ni mtu mwingine, huyu bwana aondoke nazo leo. Nimechoka kuweka sauti ya mtu ambaye hayuko."

"Mama," Derrick akasema, "huo mkono hauwezi. Mpe wiki moja. Mpe siku tatu tu."

"Sina siku tatu. Nimekaa na hii kimya ya kutosha."

"Nasike, mwambie!"

Nasike alikuwa ameokota gitaa. Alilipachika begani kwa mkono wa kulia, akakohoa, akasogea mpaka mbele ya kigoda.

Derrick akasukuma valvu ya kwanza mahali pake, kisha ya pili. Akachomeka waya. Akabonyeza.

Kimya. Valvu haziamki mara moja, hizo si simu. Chumba kizima kikangoja. Ngige alikuwa ameinama mbele, viwiko magotini. Noah, mgongo bado kwenye mlango, alikuwa anatazama vidole vya dadake na hakuweza kuacha kutazama.

Uzi wa moto ukatokea ndani ya kioo cha kwanza. Ukatokea ndani ya cha pili.

"Iko tayari," Derrick akasema.

Nasike akaweka vidole vyake vinne vilivyoungua juu ya nyuzi, akafumba macho, akabonyeza.

Itaendelea.